Mume, Simu na Picha Chafu: Filamu ya Don Jon Ina Somo Gani kwa Bibi Harusi?



Leo hatuzungumzi lasi wala shela. Tunazungumza jambo ambalo wengi wetu tunalinong'ona tu, tena mlango ukiwa umefungwa: mume anayeangalia picha chafu. Tutapitia kwenye filamu moja ya Kimarekani iitwayo Don Jon, kwa sababu imelisema jambo hili wazi kuliko tulivyozoea kulisikia, na imelisema kwa kuchekesha.

Tahadhari kwanza. Filamu hii si ya kukaa ukatazama na watoto, wala na wakwe. Mna vipande vya utupu na matusi mengi. Sisi wa dukani tuliitazama wenyewe kwa wenyewe baada ya kufunga, sauti chini, na vile vipande vibaya tulivipeleka mbele. Hatukuambii uende ukaitafute. Tutakueleza kisa chake, wewe chukua faida uache uchafu. Na tutakieleza mpaka mwisho, kwa hiyo usije ukatulaumu.

Kisa chenyewe

Filamu ilitoka mwaka 2013. Aliyeiandika, aliyeiongoza na aliyecheza kama mhusika mkuu ni mtu mmoja, Joseph Gordon-Levitt, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuiongoza. Anacheza kijana anayeitwa Jon, mtu wa New Jersey, familia yake ni Wakatoliki wenye asili ya Italia. Kazi yake ni kuhudumia baa. Rafiki zake wanamwita Don kwa sababu hakosi mwanamke. Wakikaa pamoja, wanawake wanawapa alama: huyu nane, huyu tisa, yule kumi.

Jon ana mambo machache anayoyapenda duniani, na anayataja mwenyewe: mwili wake, nyumba yake, gari lake, familia yake, kanisa lake, rafiki zake, wasichana wake, na zile picha zake chafu. Nyumba yake safi, kitanda kimetandikwa, gari linang'aa. Ukimwona ungesema huyu kijana kapangika. Lakini kila siku, tena si mara moja, anarudi kwenye kompyuta. Hata akiwa na mwanamke kitandani, akishalala mwanamke yeye anainuka kwenda kuangalia. Mwenyewe anasema zile picha zinamfaa kuliko mwanamke wa kweli, kwa kuwa hapo hatakiwi kutoa kitu.

Kisha anakutana na Barbara, aliyechezwa na Scarlett Johansson. Ni mzuri, anajijua, na ana masharti. Jon ajue rafiki zake, Jon amjue mama yake, Jon arudi darasani usiku apate kazi ya maana. Jon anakubali yote. Barbara naye ana mapenzi yake makubwa: filamu za mapenzi. Zile ambazo mwanamme anaacha kila kitu kwa ajili ya mwanamke, mvua inanyesha, muziki unapigwa, mwisho wanaoana. Anatoka ukumbini macho yamelowa, anaamini.

Barbara anamkuta mara ya kwanza akitazama, Jon anasingizia. Mara ya pili anafungua kompyuta ya Jon mwenyewe, anaona orodha ya yote aliyoyatazama. Uchumba unavunjika.

Kule darasani kuna mwanamke mwengine, Esther, aliyechezwa na Julianne Moore. Ni mkubwa kwa Jon. Mara ya kwanza Jon anamwona akilia mlangoni, na hajui la kumwambia. Esther naye anamkamata Jon akitazama picha chafu kwenye simu mle darasani, lakini hapigi kelele. Baadaye tunajua kuwa amefiwa na mume na mtoto wake kwa ajali ya gari. Ndiye anayemwambia Jon ukweli ambao hakuna mwengine aliyemwambia: kwamba mambo ya watu wawili yanataka wawili, na kwamba yeye hata akiwa na mtu yuko peke yake. Jon anajaribu kuacha. Anaona tabu. Polepole anabadilika. Filamu inaishia yeye na Esther wakitazamana machoni.

Mwisho huo hatukubaliani nao wote, kwa sababu hakuna nikaha hapo. Lakini kijana na mjane aliyemzidi umri, hilo halitutishi. Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mjane, mfanyabiashara, na amemzidi Mtume rehma na amani zimshukie kwa umri. Kwa hiyo tuache midomo.

Skrini mbili, si moja

Wengi wakisikia habari ya filamu hii wanadhani lawama ni ya mwanamme peke yake. Tulichokipenda sisi ni kwamba filamu inaweka skrini mbili mezani. Jon ana yake, Barbara ana yake. Jon amejifunza mwanamke kutoka kwa watu wanaolipwa kuigiza, na Barbara amejifunza mume kutoka kwa watu wanaolipwa kuigiza. Wote wawili wamekaa kitako kumsubiri mtu ambaye hajazaliwa.

Kuna kipande kimoja wako dukani, Jon anataka kununua vifaa vya kusafishia nyumba yake. Barbara anaona aibu. Mwanamme gani anapiga deki? Anamkataza hata kulitaja jambo hilo. Sisi hapo tulisimamisha filamu tukacheka, kisha tukanyamaza. Maana tumepokea kwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba Mtume rehma na amani zimshukie alikuwa akihudumia watu wa nyumbani kwake, akishona nguo yake mwenyewe. Kwetu sisi watu wa sindano hilo ni jambo la fahari. Barbara alikuwa na mwanamme msafi mbele yake, akamwona mapungufu kwa sababu kwenye filamu zake hakuna mume anayeshika ufagio.

Tusilinganishe dhambi, shoga. Picha chafu ni haramu, na mchezo wa kuigiza wa Kituruki si kitu kimoja na hizo. Lakini dawa ya macho katika Suratun Nur imeanza na wanaume aya ya 30, ikafuatia kwa wanawake aya ya 31. Sote tumeambiwa tuinamishe macho. Kila mmoja na ajiulize macho yake yanashiba nini.

Sisi tunaliona hili kila wiki dukani. Bibi harusi anakuja na simu, ana picha hamsini za magauni. Tunazipenda picha hizo, ndizo zinazotuletea kazi, hatusemi uongo. Lakini fundi anajua kitu kimoja: picha haina nyonga. Picha haikai chini, haipandi ngazi, haisujudu. Yule msichana wa pichani gauni limebanwa kwa pini nyuma, na wewe utavaa saa sita ukumbini na jasho lako. Ndiyo maana tunatoa futi tunakupima wewe: bega lako, kifua chako, kiuno chako, urefu wako. Namba za futi hazikupi alama ya nane wala kumi. Zinatuambia tu gauni likukae vipi wewe.

Na ndoa ni hivyo. Mtu anayeingia faragha na picha kichwani hapimi, anataka mwili wa mwenzake uingie kwenye nguo ya mtu mwengine. Unakatika mshono, na aliyevaa anadhani mwili wake ndio wenye kosa.

Bibi harusi wetu mmoja

Tuna ruhusa yake kulisema hili, na tumebadilisha mambo madogo asijulikane.

Tulimshonea nguo zote, ya nikaha na ya kupamba. Baada ya miezi minane akarudi na magauni matatu anataka tuyapunguze. Tulimpima tukatazamana. Kiuno kimepungua inchi nne. Mwanamke hapungui inchi nne kwa furaha. Tukafunga mlango, tukampa chai, hatukumuuliza kitu. Akasema mwenyewe.

Mumewe alikuwa akichelewa kulala. Alidhani ana mwanamke wa nje. Usiku mmoja aliamka kwenda kujitia maji, akamkuta sebuleni, simu mkononi, na alichokiona kwenye ile simu hakikuhitaji maelezo. Hakusema kitu. Alirudi kulala, na kuanzia siku ile akaanza kujibadilisha. Akaacha kula. Akanunua krimu ya kung'arisha ngozi. Akatuagiza nguo za ndani za kulalia, akatuonyesha mfano kwenye simu, na mfano wenyewe ulikuwa kutoka huko huko. Alitaka kuishinda skrini.

Hapo ndipo filamu ile ilipotufaa. Tulimweleza habari ya Jon: kwamba alikuwa na Barbara, mwanamke ambaye rafiki zake wote walimpa kumi, na bado aliinuka kitandani kwenda kwenye kompyuta. Ikiwa kumi hakumtosheleza, basi ugonjwa haukuwa kwa mwanamke. Bibi harusi wetu alilia sana. Akasema, "Kwa hiyo si mimi?" Si wewe, mwanangu. Si ngozi yako, si tumbo lako, si kifua chako.

Ile krimu tulimwomba aitupe. Nguo za kulalia tulimshonea, lakini kwa kitambaa alichokipenda yeye na kwa kipimo chake yeye.

Tasbihi juu ya vyuma

Kuna jambo jengine la dini ndani ya filamu. Kila Jumapili Jon anakwenda kanisani na familia yake, anakwenda kwa padri kuungama. Anataja dhambi zake kwa idadi, mara ngapi kafanya hiki, mara ngapi kile. Padri anampa idadi ya sala. Jon anakwenda kuzisoma mazoezini, huku akinyanyua vyuma, sala moja kwa kila mnyanyuo. Anatoka hapo mwepesi, na usiku anarudi kwenye kompyuta.

Hatulisemi hili kuwacheka Wakristo. Sisi kwetu hakuna padri baina ya mja na Mola wake, toba ni moja kwa moja. Lakini je, hatumjui Muislamu anayefanya kama Jon? Anasema astaghfirullah huku kidole kinapandisha simu. Ana vocha ya intaneti ya usiku na tasbihi mfukoni. Maulamaa wametufundisha toba ina masharti: kuacha kitendo, kujuta, na kuazimia kutokurudi. Ulimi peke yake hautoshi.

Na mtu akishindwa kuacha akiwa amejuta kweli? Basi hapo pana maradhi, na maradhi yanatibiwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeingiza hali ya mtu asiyeweza kuzuia matamanio na vitendo vyake vya kingono, kwa muda mrefu, mpaka maisha yake yanaharibika. Si kila anayetazama ana hali hiyo. Lakini aliyejaribu kuacha mara kumi akarudi mara kumi, akakosa kazi, akakosa usingizi, akamkimbia mkewe, huyo anahitaji mshauri au daktari pamoja na dua. Kumtibu si kumhalalishia.

Ufanye nini basi?

Bibi harusi wetu tulimpeleka kwa somo wake, mtu mzima aliyempamba na kumfunda. Tulikaa tukasikiliza, na haya ndiyo tuliyoyashika kwa ajili yenu.

Kwanza, usipekue. Barbara alifungua kompyuta ya mtu, na sisi tumekatazwa kupelelezana katika Suratul Hujurat aya ya 12. Usiamke usiku kukisia namba za siri za simu. Ukianza kupekua hutalala tena, na hutapata mwisho. Lakini kama jambo limekujia mbele ya macho, usijifanye hukuliona. Kunyamaza miezi minane kunakula nyama.

Pili, sema naye yeye kwanza. Si mama yake, si shoga yako, si kundi la wanawake kwenye simu. Siri ya faragha ni amana. Chagua wakati si wa usiku wala wa hasira. Mwambie ulichokiona, mwambie kinavyokuuma, kisha mwache aseme. Esther alimpata Jon kwa sababu aliuliza, hakumvua nguo mbele ya watu.

Tatu, akikiri na akataka kuacha, msaidie kwa mambo ya kushikika. Simu ilale nje ya chumba. Mlale saa moja, muamke alfajiri pamoja. Jon mwenyewe alipoanza kubadilika aliacha kunyanyua vyuma peke yake, akaenda kucheza mpira wa kikapu na wenzake. Upweke ndio shamba la maradhi haya. Na atateleza, jiandae kwa hilo.

Nne, akitaka akufanyie yale aliyoyaona huko na wewe hutaki, au ni ya haramu, una haki ya kukataa. Akilazimisha, akikupiga, akikudhalilisha, hapo si siri tena bali ni dhara. Nenda kwa walii wako, nenda kwa Kadhi, usisubiri uharibike. Somo yule, mwenye miaka yake sabini na kitu, alipofika hapa alipandisha sauti: "Subira si kukaa chini ya jiwe."

Na nyinyi mnaotarajia kuolewa, ulizeni wakati wa posa. Tunauliza kabila, kazi na nyumba, tunapanga ukumbi, gari na keki. Kwa nini mtu wako mzima asimuulize kijana kwa adabu: simu yako unaitumiaje usiku? Unajua kukaa na mtu ukamsikiliza? Atakayekasirika kwa swali, amejibu.

Mtakuwa mnataka kujua bibi harusi wetu yuko wapi. Yuko kwake. Mumewe alikataa kwanza, kisha akakiri, akaenda kuonana na mshauri, akaacha, akarudi, akaacha tena. Hatuwezi kusema yamekwisha. Anasema sasa wakiwa pamoja mumewe anamtazama usoni, na kwamba hilo hakulipata hata siku ya fungate. Mwengine tunayemjua hakufanikiwa. Mumewe alichagua simu, naye aliomba talaka akapewa, na leo anauza vitambaa na analala usingizi wake. Wote wawili hatuwaoni wameshindwa.

Mwisho, kuna dada yake Jon katika filamu, Monica. Kila wakila mezani yeye ameinamia simu, hasemi neno, baba anapigia kelele mpira kwenye televisheni, mama anaulizia wajukuu. Karibu na mwisho anainua kichwa, anasema mara moja tu: kwamba Barbara alitaka mwanamme wa kufanya kila analotaka yeye. Meza nzima inanyamaza. Alikuwa akiona siku zote. Nasi majumbani kwetu wapo dada wa namna hiyo, wanaona wakanyamaza. Ukiona mdogo wako anapungua nguo mwilini, inua kichwa, sema.

Allah azitulize nyoyo za mabiharusi wetu, ayatakase macho yetu na ya waume zetu, na awape wanaotaka kuacha nguvu ya kuacha. Aamiin.

Mwenye swali atuletee dukani, mlango tunaufunga na chai ipo.